Shajara ya mradi: kupunguza wanga kwa maikrowevu, birika na rafu moja ya friji

Mwanzo

Nina kisukari cha aina ya 2, na tangu nipate kiharusi mkono wangu wa kushoto hauna nguvu ya kushika kitu kizito. Ninaishi kwenye nyumba ya usaidizi: kila mkazi ana chumba chake na ufunguo wake, na wasaidizi hupokezana zamu usiku na mchana. Jiko lipo, la pamoja, lakini tathmini yangu ya usalama inasema nisilitumie bila msaidizi kando yangu, na msaidizi wa kusimama nami saa nzima hapatikani kila siku. Vifaa vyangu vya kila siku basi ni maikrowevu, birika la umeme, rafu moja ya friji na droo moja ya friza. Chakula cha mchana hupikwa kwa wote. Asubuhi na jioni najitegemea.

Lengo langu ni wanga usiozidi gramu 130 kwa siku. Wataalamu wengi hukihesabu kiwango hicho kuwa mpaka wa "wanga kidogo". Wapo wanaoshuka hadi gramu 50, hata 20, nami siwapingi, ila nataka mpango ambao vifaa hivi vinaweza kuubeba siku ya kawaida, na siku ya uchovu pia.

Maelekezo mengi niliyosoma yanamchukulia msomaji kuwa na jiko, oveni, mikono miwili na uhuru wa kwenda kununua anapotaka. Hayakuandikwa kwa mtu anayeagiza vitu kwa orodha mara moja kwa wiki, na kupakuliwa chakula na mtu ambaye kesho hayupo zamu. Ndiyo maana naandika hatua kwa hatua, ili aliye kwenye hali kama yangu, au anayemhudumia mtu kama mimi, apate pa kuanzia.

Dawa kwanza, chakula baadaye

Natumia metformin na gliclazide. Metformin ikiwa peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi. Gliclazide ni jambo jingine: inaisukuma kongosho itoe insulini hata kama umekula wanga kidogo, kwa hiyo ukipunguza wanga na dozi ikabaki vilevile, sukari inaweza kuporomoka. Hivyo hivyo kwa glibenclamide, glimepiride, na insulini yenyewe.

Kuna kundi la tatu, la dapagliflozin na empagliflozin, ambalo hatari yake ni ya namna nyingine. Anayezitumia akikata wanga sana, ketoni (kemikali ambazo mwili hutengeneza unapochoma mafuta badala ya sukari) zinaweza kujaa na kuifanya damu iwe na asidi, na hilo huweza kutokea hata kipima sukari kikionyesha namba isiyotisha. Mtu wa dawa hizo akipata kichefuchefu, kutapika, maumivu ya tumbo na kupumua kwa shida, apelekwe hospitali wakati huo huo. Mimi sizitumii, lakini jirani yangu wa chumba cha pili anazitumia, na aliposema naye angependa kuanza nilimwomba asiguse sahani yake kabla ya kuongea na daktari.

Kwangu mimi, muuguzi wa kliniki alikubali mpango kwa sharti: nipime mara nyingi zaidi wiki za mwanzo, nimpelekee namba, na dozi ya gliclazide iangaliwe upya mara namba zikianza kushuka. Aliandika hayo kwenye karatasi kwa ajili ya wasaidizi wa nyumba. Wakati ule sikujua karatasi ile ingekuwa na uzito kiasi gani.

Wiki ya kupima tu

Sikubadili chakula. Nilikula kama kawaida, nikapima kabla ya kula na saa mbili baada ya kuanza kula, nikaandika na kilichokuwa kwenye sahani. Vijiti vya kupimia havipo vya kutupa, kwa hiyo nilichagua mlo mmoja kwa siku na kuufuatilia, badala ya kutoboa kidole ovyo.

Mlo uliokuwa ukiniumiza ni kifungua kinywa, tena kile ambacho kila mtu alikisifu kuwa cha afya: bakuli la uji wa shayiri, vipande viwili vya mkate wa kahawia, glasi ya juisi ya machungwa. Nikahesabu. Gramu 40 za shayiri kavu zina wanga kama gramu 25. Kipande cha mkate kina takriban 15, na rangi yake haibadilishi hesabu sana. Mkate wa ngano nzima una nyuzinyuzi zaidi lakini wanga wake unakaribiana na wa mkate mweupe. Mililita 200 za juisi ni kama gramu 20, hata ikiwa haikuongezwa sukari. Jumla gramu 75, zaidi ya nusu ya lengo langu la siku nzima, kabla ya saa tatu asubuhi. Siku moja nilianza na 8.9 mmol/L nikafika 14.2.

(Wanaopima kwa mg/dL wazidishe namba zangu kwa 18.)

Mchana ulitegemea kilichopikwa. Gramu 100 za wali ulioiva zina wanga kama 28, na sahani niliyozoea kupakuliwa ilikuwa na zaidi ya mara mbili ya hizo. Viazi vya kuchemsha ni 17 hadi 20 kwa gramu 100. Siku ya dengu sukari ilipanda taratibu na kwa kiasi kidogo: nazo zina wanga, gramu 20 hivi kwa 100 zikiwa zimeiva, ila karibu 8 kati ya hizo ni nyuzinyuzi ambazo hazigeuki kuwa sukari ya damu, na protini yake inasaidia. Kwa hiyo dengu na maharage sikuzifuta. Nimeziweka kwenye kipimo cha nusu kikombe.

Kupima kabla ya kubadili kulinipa kitu kingine ambacho sikukitarajia. Msaidizi wa zamu ya asubuhi aliziona namba na akaacha kuniambia nimalize uji. Maneno yangu alikuwa ameyasikia mara nyingi. Namba hakuwa ameziona.

Kifungua kinywa kipya

Mayai. Yai moja lina wanga usiofika gramu moja. Kwa maikrowevu nafanya hivi: napaka kikombe kikubwa siagi au mafuta, navunja mayai mawili ndani, natia kiganja cha mchicha uliogandishwa uliokwisha kukatwa, napiga kwa uma, naweka dakika moja, natoa na kukoroga, narudisha sekunde 30. Nikiona bado katikati ni majimaji naongeza sekunde 15. Kisha nayaacha yatulie dakika moja kabla ya kula, maana joto huendelea kuivisha ndani hata mashine ikishazimwa. Jibini kidogo juu, pilipili manga, basi.

Jambo moja la usalama nalisema kwa msisitizo: yai zima lenye ganda lisiingie kwenye maikrowevu. Mvuke hukosa pa kutokea na yai hupasuka. Hata yai lililochemshwa na kumenywa linaweza kupasuka likipashwa moto, tena wakati mwingine linasubiri lifike mdomoni. Likatwe vipande kwanza. Na kwa yai la kukaanga la maikrowevu, kiini kitobolewe kwa uma.

Siku nisizotaka mayai nakula mtindi mtupu. Bakuli la gramu 150 lina wanga wa gramu 7 hivi. Mtindi wa matunda, hasa ulioandikwa "bila mafuta", mara nyingi umeongezwa sukari, kwa hiyo nageuza kopo na kusoma mstari wa wanga kwa gramu 100, siamini maneno ya mbele. Natia karanga au mlozi, na parachichi nusu kando. Parachichi lina wanga usiofika gramu 9 kwa 100, na sehemu kubwa ya hizo ni nyuzinyuzi.

Kuhusu lebo, iko tofauti ambayo inawachanganya wengi: kwenye lebo za Ulaya nyuzinyuzi huwa zimeshatolewa kwenye namba ya wanga, na kwenye lebo za Marekani zimo ndani ya jumla. Anayetoa nyuzinyuzi kwenye lebo ambayo imeshazitoa atajihesabia wanga pungufu. Angalia kwanza kifurushi kimetoka wapi.

Namba za asubuhi baada ya mabadiliko: 8.1 kabla, 8.8 baada. Nilikaa nikiitazama ile 8.8 kwa furaha ambayo ni aliyeishi na 14 peke yake atakayeielewa.

Mkono mmoja

Sehemu hii niliisubiri niiandike vizuri kwa sababu ni hapa mipango mingi ya watu kama mimi hufia. Unajua cha kula, unacho, na huwezi kukifungua.

Bakuli naliweka juu ya kitambaa kilicholowa maji na kukamuliwa. Halitelezi tena, naweza kukoroga na kukata kitu laini kwa mkono mmoja. Samaki nachagua wa kopo lenye pete ya kuvuta. Napitisha mpini wa kijiko kwenye pete na kubonyeza mpini chini, kopo linaachia bila kutumia vidole. Afadhali zaidi ni samaki wa kwenye mfuko wa kuchana, na mkasi uliofungwa kwa kamba kwenye mlango wa kabati ili usiazimwe. Mboga za kugandishwa zimekwisha kumenywa na kukatwa, hazioshwi wala hazichinjiwi vidole, na kwa lishe hazipungukiwi sana na mbichi kwa sababu hugandishwa muda mfupi baada ya kuvunwa. Kuna watu huona kununua mboga zilizokatwa ni uvivu. Kwangu ndiyo tofauti kati ya kula brokoli na kula biskuti.

Mifuniko ya mitungi inanishinda bado. Naomba ifunguliwe zamu ya asubuhi na kufungwa kwa wepesi, jambo dogo ambalo sasa limeandikwa.

Droo ya friza

Droo moja haina nafasi ya kila kitu, kwa hiyo inabidi kuchagua. Nimejaribu michanganyiko kadhaa na kwa sasa humo mna mchicha, brokoli, maharage mabichi na mfuko mkubwa wa koliflawa iliyosagwa kuwa chembe. Hiyo ya mwisho ndiyo inayoshika nafasi ya wali jioni: gramu 100 zina wanga wa gramu 5 hivi, ukilinganisha na zile 28. Siri yake ni maji. Ikitoka kwenye friza haihitaji kuongezwa maji hata kijiko, inatoa yake. Naitandaza kwenye bakuli pana, nafunika kwa sahani nikiacha upenyo wa mvuke, dakika tatu, nakoroga, dakika mbili nyingine bila kifuniko ili ikauke. Kisha siagi, bizari, kitunguu saumu cha unga na ndimu. Bila viungo ni chakula cha mgonjwa, na hakuna anayedumu na chakula cha mgonjwa miezi mitatu.

Kukoroga katikati si kwa ladha tu. Maikrowevu hupasha moto kwa mabaka, na sehemu iliyobaki vuguvugu ndimo vijidudu husalimika. Chakula kilichopikwa jana lazima kifuke mvuke hadi katikati, nyuzi joto 75 hivi. Friji yetu ya pamoja nilikuta inasoma 9. Inatakiwa isizidi 5. Sasa ina kipimajoto chake, na msaidizi wa usiku huandika namba. Kwa mtu mwenye kisukari, tumbo kuchafuka si usumbufu tu. Kutapika na kuharisha hukausha maji mwilini, huvuruga sukari, na baadhi ya dawa, metformin ikiwemo, huenda zikahitaji kusimamishwa kwa muda kwa ushauri wa daktari.

Karatasi ya zamu

Sasa nifike kwenye kiini cha mradi. Nilipoanza niliamini kikwazo changu ni jiko. Baada ya wiki kadhaa za kuandika namba niliona kitu kingine: siku mbaya hazikufuatana na vifaa, zilifuatana na zamu. Msaidizi anayenifahamu akiwepo, sahani ilikuwa sawa. Akija mgeni, au wa kushikilia nafasi mwishoni mwa juma, namba zilipanda. Si kwa ubaya. Mmoja aliniletea biskuti za "wenye kisukari" kwa pesa yake, na biskuti hizo zina unga kama nyingine zote. Mwingine aliniondolea mafuta kwenye nyama na kuniongezea wali ili nisilale njaa. Mama wa zamu ya usiku, mtu mwenye huruma kuliko wote, alikuwa akinipa juisi kila nikisema sijisikii vizuri.

Nikaomba kusoma mpango wangu wa usaidizi. Ulikuwa umeandikwa: "Ana kisukari. Ahimizwe kula lishe bora na kupunguza wanga." Kila msaidizi alikuwa ameutii kwa namna yake. Sentensi ile haikumwambia yeyote afanye nini saa saba mchana akiwa ameshika upawa.

Tukaketi, mimi, msaidizi wangu mkuu na meneja, tukaandika upya. Nanukuu kama ilivyo kwenye ubao wa ndani wa kabati langu:

"Mchana: nusu ya sahani mboga, robo nyama, samaki, mayai au dengu, na wali au viazi kijiko kimoja kikubwa cha kupakulia, kisichojazwa kilima. Mchuzi mzito uliotiwa unga uwekwe pembeni. Chai na kahawa bila sukari. Matunda: tunda dogo moja, zima, si juisi. Akiomba kitu nje ya haya, apewe. Ni uamuzi wake."

Mstari wa mwisho niliupigania. Mimi ni mtu mzima, na mpango huu ni wangu. Sikutaka karatasi inayowageuza wasaidizi kuwa askari wa sahani yangu, wala siku ya sherehe nisimame nikiomba ruhusa ya kipande cha keki. Karatasi inasema nifanyiwe nini nisipouliza. Nikiuliza, jibu ni ndiyo.

Halafu kuna ukurasa wa pili, wenye ukingo mwekundu, ambao naona ni muhimu kupita wa kwanza. Kwenye kikao kile msaidizi kijana aliuliza kwa uaminifu: "Kwa hiyo kaka, sukari ikishuka pia tusikupe juisi?" Nilishukuru aliuliza. "Hakuna sukari" ikiandikwa peke yake inaweza kuua. Ukurasa mwekundu unasema: nikitetemeka, nikitoka jasho, nikichanganyikiwa au nikiwa mkali bila sababu, nipimwe, ikiwa chini ya 4.0 mmol/L nipewe papo hapo juisi mililita 150 hadi 200, au vidonge vya glukosi vya kutosha gramu 15 hadi 20. Nipimwe tena baada ya dakika 15, na ikiwa bado iko chini irudiwe. Ikishapanda, na mlo uko mbali, nipewe kitu chenye wanga kama kipande cha mkate. Chokoleti haifai kwa kazi hii kwa sababu mafuta yake huchelewesha sukari kuingia kwenye damu. Nikiwa siwezi kumeza au nimepoteza fahamu, nisitiwe chochote mdomoni. Gari la wagonjwa liitwe.

Pakiti ndogo za juisi sasa zina sehemu yao, zimeandikwa "DAWA", na hakuna anayezinywa kwa kiu.

Sufuria moja, vipimo tofauti

Kuhusu mchana sikuomba kupikiwa chakula changu. Mpishi ana watu wengi na muda mfupi, na chakula maalumu ndicho cha kwanza kusahaulika siku yenye kazi. Niliomba sufuria ile ile na vipimo tofauti.

"Dada, leo niwekee kabichi mara mbili, wali kijiko kimoja."

"Utashiba kweli?"

"Niongezee samaki, nitashiba."

Alichofanya baadaye ni zaidi ya nilichoomba: sasa anatoa nyama na mboga kwenye chungu kabla hajatia unga wa kuufanya mchuzi uwe mzito, na anaweka mboga mwanzoni mwa meza, wali mwishoni. Wakazi wengine wakaanza kujaza mboga bila kuambiwa. Mzee wa chumba cha mwisho, ambaye dawa zake za akili zimemwongezea uzito na sukari, aliomba apakuliwe kama mimi. Baadhi ya dawa hizo, olanzapine na clozapine kwa mfano, zinajulikana kuwa na athari hiyo, na hakuna anayepaswa kuziacha mwenyewe kwa sababu hiyo. Amemwona daktari wake na sasa ana karatasi yake.

Choo, chumvi, na namba ya asubuhi

Wiki ya pili ya chakula kipya nilipata choo kigumu. Mkate na uji vilipoondoka, nyuzinyuzi ziliondoka navyo. Kabichi, maharage mabichi, kijiko cha mbegu za kitani kwenye mtindi na maji ya kutosha vimerekebisha. Wanaoanza wasisubiri tatizo, waongeze mboga siku hiyo hiyo wanayopunguza mkate.

Chumvi inahitaji jicho zaidi, kwa mtu aliyepata kiharusi hasa. Vyakula rahisi vya wanga kidogo visivyohitaji jiko mara nyingi vina chumvi nyingi: jibini, soseji, nyama za kopo, samaki wa maji ya chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku. Samaki na maharage ya kopo nayasuuza kwenye chujio, jibini ni la kunyunyiza, na soseji nimeziacha kwa siku za dharura. Wenye figo zilizodhoofika waongee na kliniki pia kabla ya kuongeza protini.

Namba ya alfajiri, kabla ya kula chochote, ndiyo iliyochelewa kushuka. Nilikuwa nalaumu chakula cha jioni hadi muuguzi aliponieleza kwamba kuelekea alfajiri homoni kama kortisoli huliamuru ini limwage glukosi, na mwili usioitikia insulini vizuri hushindwa kuizuia. Hiyo haitokani na sahani peke yake. Nimeacha kupunguza chakula cha jioni kwa ajili yake.

Dozi

Siku moja kabla ya mchana nilianza kutetemeka. Kipimo: 3.6. Aliyekuwa zamu alikuwa mgeni kabisa nyumbani kwetu. Alifungua kabati, akasoma ukurasa mwekundu kwa sauti, akanipa pakiti ya juisi, akaweka saa ya simu dakika 15. Kipimo cha pili kilikuwa 5.2. Akaandika yote kwenye kitabu cha makabidhiano na kupiga simu kliniki. Wiki hiyo hiyo dozi ya gliclazide ilipunguzwa kwa nusu, kama tulivyokubaliana mwanzoni, na sukari haijashuka tena chini ya 4.0.

Miezi mitatu

Kipimo cha HbA1c huonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu, kwa sababu chembe nyekundu za damu huishi takriban siku 120 na hubeba alama ya sukari iliyozigusa. Kupima mapema kabla ya hapo hakuonyeshi matunda yote ya kazi. Changu kimetoka 68 mmol/mol hadi 57, yaani kutoka asilimia 8.4 hadi 7.4. Bado kiko juu ya 48, mstari ambao kisukari huhesabiwa kuanzia hapo, lakini kimeshuka huku dozi ya dawa moja ikiwa nusu. Daktari ameridhika. Mimi nimeridhika zaidi yake.

Wanga wangu kwa siku nyingi unaangukia kati ya gramu 90 na 120. Zipo siku za juu ya hapo na sizifuti kwenye daftari.

Yanayofuata

Mapitio ya mpango ni mwezi ujao, na ombi langu la kwanza ni saa moja ya jiko kila Jumamosi, msaidizi akiwa kando, nipike sufuria moja kubwa ya kuku na mboga. Hesabu nimeshaifanya: ikigawanywa kwenye vyombo vidogo ipoe upesi na kuingia friji ndani ya saa mbili, sehemu ya siku tatu inakaa friji na nyingine inakwenda friza. Kwa hiyo ombi la pili ni droo ya pili ya friza, ambayo sasa imejaa barafu na mikate ya nyumba nzima. La tatu ni kikaango cha hewa. Tathmini ya usalama itauliza kuhusu uso wake wa moto na mkono wangu, nami nimeomba mtaalamu wa tiba kazi aje anione nikikitumia kabla ya mtu yeyote kuamua.

Karatasi ya zamu nayo inahitaji kuchapwa upya. Dozi ya gliclazide iliyoandikwa pale ni ya zamani, na msaidizi mkuu ameahidi kuibadilisha kabla ya Ijumaa ili wa mwishoni mwa juma waikute sahihi.